Gambo la Babu Tibo Lililogeuka Mlenda

Jamani, aibu niliyoipata siku ile sijawahi kumsimulia mtu kwa hiari yangu, wanaoijua ni kwa sababu walikuwepo. Na walikuwepo wengi! Mpaka leo nikipita sokoni kuna watu wananyoosha kidole juu na kukizungusha hewani, yaani wanakata uzi, na mimi najua kabisa wanamaanisha nini.

Babu Tibo alikuwa mpishi, Mmarekani wa Luisiana, kule kwenye vinamasi na mamba. Alikuja kufundisha upishi kwenye chuo chetu kidogo hapa mtaani Kikuyu kwa mwaka mmoja tu, akaishia kuzeeka hapa hapa Dodoma. Alikuwa na tumbo kubwa na kicheko kikubwa zaidi, na kila mwanafunzi alimwita "mpendwa", hata yule aliyeunguza wali. Nilimpenda yule mzee. Alitufundisha gambo, mchuzi mzito wa kwao wa kuku, soseji na bamia, unaoliwa na wali, na siri yake ni unga wa ngano unaokaangwa kwenye mafuta, unakoroga, unakoroga, huachi, mpaka uwe na rangi ya udongo wetu mwekundu ukinyeshewa mvua. Ukiuacha kidogo tu umeungua, na ukiungua ni uchungu mtupu. Ndiyo maana alikuwa akisema, "Unga ukiwa motoni, mpendwa, hata mama yako akiingia, msalimie kwa mgongo." Tulicheka sana, maana nani kwetu anamsalimia mama yake kwa mgongo?

Basi, Babu Tibo akafariki, na baada ya miezi kadhaa dada yake, Bi Odili, akaja kuona mahali kaka yake alipoishi. Chuo kikaandaa chakula cha kumkumbuka. Bi Odili akaomba kitu kimoja tu, ale gambo la kaka yake lililopikwa na mtu aliyemfundisha. Mimi huyu, kwa mdomo wangu huu, nikasema mbele ya kamati nzima, "Hilo niachieni mimi, nalipika hata nimefumba macho." (Ningefumba mdomo.)

Siku yenyewe nikaamka mapema, kuku tayari, soseji tayari, bamia kiasi kwa sababu zilikuwa za shida, nikabandika mafuta na unga kwenye jiko la chuo, nakoroga, unga unaanza kunukia karanga, roho yangu imetulia kabisa. Nikasikia nyuma yangu, "Hodi wenyewe!"

Mama mkwe. Katoka kijijini kwake Zuzu, hakusema anakuja, kaelekezwa nyumbani kwangu kwamba niko chuoni, kafika mpaka jikoni na mfuko wake wa mlenda mkavu uliosagwa, ile mboga yetu ya utelezi, zawadi.

Nikautazama unga. Nikamsikia Babu Tibo kabisa masikioni. Halafu nikasema moyoni, sekunde mbili tu, nikaacha mwiko, nikageuka, nikapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo? Watoto? Mume wako? Anakula? Mbona umekonda? Mvua huku imenyesha? Kwetu mtama umekauka wote. Na yule jirani yako mwenye mguu?"

Sasa wewe utamkatisha mama mkwe wa Kigogo katikati ya salamu? Nilipogeuka, sufuria inatoa moshi mweusi. Nikamwaga unga wote. Kukaanga unga mwingine hakukuwa na muda, wageni walishaanza kuimba ukumbini, na mchuzi wangu wa kuku uliokuwa jiko la pili, bila ule unga, ulikuwa mwepesi kama chai ya rangi. Mfa maji haachi kutapatapa: macho yangu yakaangukia ule mfuko wa mlenda. Si unafanya mchuzi uwe mzito? Nikatia kijiko. Kimya. Nikatia kingine. Kimya. Nikamimina nusu mfuko, nikaenda kuchukua sahani, na mama mkwe (Mungu amjalie, alitaka kusaidia) akaongeza magadi ili uteleze vizuri.

Ukumbini mkuu wa chuo akachota upawa wa kwanza amwekee Bi Odili. Upawa ukapanda, gambo likapanda nao. Akainua zaidi, uzi ukarefuka, ukatua kwenye tai yake, akarudi nyuma, uzi ukamfuata. Mshereheshaji, mtu asiye na huruma, akashika kipaza sauti: "Ndugu wageni, chakula kimekataa kuagana na sufuria!"

Ukumbi ukalipuka. Nikasimama nikitaka kusema ukweli, kwamba Babu Tibo hakupika hivi, kwamba hili si lake ni langu, lakini mama mkwe alishafika mbele. "Kumbe mzungu wenu alikuwa anapika mlenda! Huyo alikuwa Mgogo mwenzetu!" Watu wakapiga vigelegele. Bi Odili akatafsiriwa, akalia, akamkumbatia mama mkwe, akaomba ugali, akala sahani mbili, na mlenda mkavu uliobaki mfukoni akauweka kwenye mkoba wa safari. Mimi nikijaribu kueleza naambiwa, "Usijishushe, mpishi!"

Hilo ndilo linaloniuma. Mzee wa watu kakoroga unga miaka yote ile, na sasa mji mzima unajua siri yake ilikuwa mlenda.

Nikaapa kwamba nitalipika gambo lake kama alivyonifundisha, nyumbani kwangu, kwa heshima yake, mlango nimefunga kwa komeo, na atakayekuja atasalimiwa kwa mgongo, awe nani. Jumapili iliyopita nikafanya hivyo. Nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi, unga ukaingia rangi ile ile ya udongo, machozi yakanitoka kwa furaha.

"Hodi wenyewe!" Dirishani.

Nikakaza macho kwenye sufuria. Nikakoroga. "Hodi mwanangu, mbona kimya, mnaumwa?"

Nikageuka. Babu Tibo, nisamehe, wewe hukuwahi kuwa na mama mkwe wa Kigogo.