Bukari Iliyopoa Nikingoja Programu

Kazi ilipokwisha katika ofisi ya mizani ya malori, wenzangu walipanda pikipiki wakaenda zao. Mimi nilibaki. Programu niliyoiandika mwenyewe kwenye kompyuta ya ofisi ilikuwa bado inapitia data za siku nzima: lori, mzigo, uzito. Nyumbani, mtaani Dilala, mke wangu alikuwa amekwisha kusonga bukari, ugali wetu, naye hakupenda kula peke yake. Aliifunika kwa sahani, akakaa mlangoni kutazama njia.

"Tata, ile mashini njo bibi yako ya kwanza," aliniambia nikiingia. "Mi niko wa kupika tu."

"Mashini imezeeka, mama. Siku bataleta mupya, tutakula bukari ya moto."

"Basi mi nayo tutazeeka pamoja."

Tulicheka, tukala bukari iliyopoa. Miaka yote nililaumu mashini, wala sikupima kitu.

Mashini mpya ilikuja nilipokuwa nimekwisha kumzika mke wangu. Programu ikachelewa vilevile. Nikampigia simu binti yetu, anayefanya kazi ya kompyuta huko Fungurume.

"Tata, ulipima fasi yenye kuchelewa, ao unawaza tu?"

Akanielekeza niweke saa mwanzo na mwisho wa kila hatua. Kusoma data kulikwisha nikifumba na kufumbua macho. Kujumlisha uzito, hivyo hivyo. Muda wote ulimezwa na kuhifadhi. Hapo nikakumbuka: zamani umeme ulikatika katikati ya kazi, matokeo yote yakapotea. Kwa woga nikaiamuru programu ifungue faili, iandike mstari mmoja, ilifunge, kisha ilifungue tena kwa mstari unaofuata. Kumbe data zenyewe hazikupotea siku ile. Zilikuwa salama kwenye mizani. Ningeweza kuanza upya tu.

"Unahamisha mufuko wa mahindi punje moja moja, tata!" binti alicheka. Kisha akaniaga haraka. Nadhani naye alimkumbuka mama yake pale mlangoni.

Nilibadilisha mistari michache tu. Sasa programu inakusanya matokeo yote kwanza, ndipo inayaandika kwa mara moja. Ilimaliza kabla sijafunga madirisha.

Nilifika nyumbani jua likiwaka bado. Nikasonga bukari mwenyewe, nikaipakua ikitoa mvuke. Nilijaribu tonge moja, likaniunguza. Nikaifunika kwa sahani, nikakaa mlangoni kungoja ipoe.