Kope za Daktari

Mama Usingizi, kama wanavyomwita mtaalamu wa dawa ya usingizi, huvua pete na saa kabla ya kumgusa mgonjwa usoni. Usingizi wa dawa haujui kufumba macho. Kope zikibaki wazi, jicho hukauka, na hata ukucha waweza kulikwaruza, mtu akaamka haoni vizuri. Kwa hiyo humwinamia kila mmoja, humnong'oneza, "Upo?", husubiri kidogo, kisha humfumba kope kwa kidole gumba na kuzibandika plasta laini. "Dada, siku mgonjwa akikujibu, mimi mbio!" daktari wa upasuaji humtania, na chumba kizima cha upasuaji hucheka.

Leo aliyelala mezani ni daktari huyohuyo, tumbo limemshika ghafla. Kabla ya sindano alimkamata Mama Usingizi mkono. "Dada, macho yangu ndiyo kazi yangu. Usiyasahau." Dawa ilipomchukua, macho yalibaki nusu wazi, yakiikodolea taa bila kuiona. Mama Usingizi akainama. "Kaka, upo?" Akasubiri kupita desturi yake. Hakuna aliyecheka. Akamfumba jicho la kulia, kisha la kushoto, akabandika plasta, na kupitia plasta hiyo kidole chake kikahisi jicho likigeuka, taratibu, kama la mtu anayemtafuta aliyemwita.