Mtoto Aweke Kalamu Chini Kwanza

Baba alifariki Alhamisi, mdogo wangu akiwa Uturuki na mitihani mitatu mbele yake. Tulimzika Jumamosi. Jioni ileile, watu hawajamaliza hata kunawa mikono ya udongo, baba mdogo aliita kikao cha ukoo pale uani kwetu. Hakikuchukua muda.

"Mtoto asiambiwe," alisema. "Aweke kalamu chini kwanza. Na mtu yeyote asiweke picha ya marehemu kwenye stetasi. Nimesema yeyote."

Akawaangalia wajukuu wenye simu kubwa, mmoja mmoja. Halafu akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unayeongea naye kila siku. Endelea hivyohivyo."

Hakuna aliyepinga, na mimi sikupinga. Ndivyo tunavyofanya kwetu, na nimeona familia nyingi zikifanya hivyo. Mtoto yuko kwenye mtihani, msiba unafungiwa ndani mpaka amalize. Mdogo wangu alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akachaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja nje. Akifeli huko, mwaka mzima unarudiwa. Mama yetu tulimzika yeye akiwa darasa la pili, mimi ndiye niliyemlea mpaka akafika alipofika. Nilitaka amalize kuliko baba mdogo alivyotaka. Basi nikasema, "Sawa, baba mdogo," nikaenda kuangalia kama maji ya chai yamechemka.

Nitasema jambo moja na mnisamehe: sikuwa na uchungu. Niliutafuta uchungu, sikuuona. Nina steshenari ndogo mjini Sumbawanga, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, naandikia watu barua za maombi ya kazi. Ratiba ya mazishi ya baba niliichapa mwenyewe. Nilikuza picha yake ya kitambulisho, nikaipunguzia giza, nikapanga saa ya misa na saa ya kuelekea makaburini. Karatasi ikakwama kwenye mashine, nikasonya kama siku zote, nikaivuta. Mteja aliyekuwa mlangoni akasema pole sana dada, nikamuuliza anataka kopi ngapi.

Kudanganya kwenyewe kulikuwa rahisi, na hilo ndilo lililonitisha baadaye. Baba hakuwa mtu wa simu. Alikuwa na kitochi chake, alichokiweka mfukoni mwa koti, na kikiita alikitoa akakitazama mpaka kinyamaze. Mdogo wangu akipiga kwangu nikampa baba, baba alisema, "Hujambo? Unasali?" akanirudishia simu yangu kabla hajajibiwa. Kwa hiyo hakukuwa na sauti ya kuigiza. Nilitakiwa kusema tu, "Baba yuko shamba." Mwezi wa sita Ufipa kila mtu yuko shamba. Mahindi yamekauka, upepo unapuliza kutwa nzima, na asiyevuna siku hizo anaonekana mgonjwa.

Jumapili mdogo wangu alipiga kwa video, mapema mchana. Jumuiya ya kanisa ilikuwa imejaa uani, wanasali rozari. Akina mama wa msibani walikuwa wamekaa juu ya magunia wanapukuchua mahindi ya baba huku wanaitikia Salamu Maria, maana mahindi hayana habari na msiba, yakikaa chini yanaharibika. Nilivua kitenge kichwani, nikazunguka nyuma ya jiko, nikapokea.

"Dada, hiyo ni rozari?"

"Jumuiya iko kwetu leo. Zamu yetu."

"Na mahindi wanawapukuchulia?"

"Wameona aibu kukaa bure."

Akacheka. Alisema huko kuna joto, watu wanatembea na kaptula. Nikamwonyesha sweta langu. Tukacheka wote, na mimi nilicheka kweli, siyo kwa kujilazimisha. Shangazi, dada yake baba, aliyekuwa akikaa naye pale nyumbani, alinikuta nikicheka. Alisimama akanitazama kwa muda, halafu akaniuliza kwa Kifipa moyo wangu una nini. Nikamwambia natekeleza maagizo ya kikao. Shangazi na mimi hatukuongea tena mpaka Jumatatu.

Jumatatu mdogo wangu akafanya mtihani wa kwanza. "Umekwendaje?" "Poa tu." Ilikuwa siku nyepesi. Nilirudi dukani, nikafungua, nikatoa kopi za vyeti. Nikaanza kufikiri kwamba tutamaliza bila shida, imebaki miwili, Jumatano na Ijumaa.

Jumanne ndipo alipoleta balaa.

Kabla hajasafiri, yeye na baba walikuwa wamegombana. Baba alikuwa akimwambia jinsi ya kuishi na watu ugenini, kama anavyojua yeye, maneno ya mkulima. Kijana akachoka, akamjibu, "Baba, wewe mbali ulikowahi kufika ni Kirando kununua dagaa. Utanifundisha nini kuhusu dunia?" Nilikuwepo. Baba hakugomba. Alisema, "Haya," akainuka, na asubuhi ya safari alikuwa zizini tangu alfajiri, hakutoka kumuaga. Miezi minne ilipita wanaulizana "Unasali?" na hakuna aliyeligusa neno lile.

Sasa Jumanne mchana, nimekaa dukani, ikaingia sauti ya dakika nne na maandishi chini yake: "Hii ni ya baba. Mpelekee asikilize. Wewe usisikilize, dada, tafadhali."

Nilisikiliza. Nani mwingine angesikiliza?

Sitaandika yote aliyosema, si yangu. Alianza na shikamoo baba, kisha nikasikia gari likipita huko kwao. Alisema analikumbuka lile neno kila akifungua kitabu. Alisema huko ugenini amegundua yeye ndiye hajui kitu, hata kununua mkate alishindwa wiki ya kwanza, na aliyemsaidia ni yale yale ya baba, salimia watu kwanza. Mwishoni alisema, "Nisamehe baba. Kesho nina mtihani mgumu na sitaki kuuingia na hili. Nijibu hata neno moja."

Nilizima simu nikaiweka juu ya mashine ya kopi. Sikwenda nayo kaburini kumsikilizisha marehemu, kama mtu angependa kudhani. Nilikaa. Mteja akaja, nikampiga picha nne za pasipoti, nikazikata. Nikawa nafikiri mambo ya kipumbavu kabisa: kutoka dukani hadi nyumbani kwa bodaboda ni nusu saa, baba kuitwa kutoka shamba ni robo saa, kusikiliza ni dakika nne, na yeye hupenda kufikiri kabla ya kujibu. Kwa hiyo jibu lisifike kabla ya saa moja na nusu kupita. Nikasubiri saa moja na nusu, kwa saa ya ukutani.

Ningeweza kumpigia baba mdogo nimuulize. Ningeweza kuandika kwamba baba kaenda Mwimbi kwa jamaa, atasikiliza akirudi. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuandika hivyo, lilikuwa jibu zuri na la bure. Lakini mtoto alikuwa ameomba neno moja, na kesho alikuwa na mtihani mgumu.

Nikaandika: "Amesikiliza mara mbili. Amesema yamekwisha siku nyingi, hana kinyongo na wewe. Amesema uingie kwenye mtihani wako kwa amani, wewe ni mwanae."

Baba asingesema maneno hayo hata kwa kushikiwa panga. Baba angesema "Haya." Nililijua hilo wakati vidole vyangu vinaandika. Nilimtengeneza baba mwingine, mzungumzaji, nikamtuma.

Jibu lilikuja papo hapo. "Dada nimelia hapa maktaba mpaka watu wamenishangaa. Mwambie asante. Sasa naweza." Nikamwekea alama ya dole gumba. Nikafunga duka, nikanunua chumvi na sabuni, nikarudi msibani. Shangazi aliniuliza mbona umechelewa, nikasema wateja.

Jumatano alifanya mtihani. Ijumaa akamaliza. Alituma picha yuko na wenzake kwenye ngazi za chuo, midomo wazi, kalamu juu. Nilimwonyesha baba mdogo. Akaishika simu kwa mikono miwili, akasema, "Mungu mkubwa," akatoka nje kupenga kamasi. Kisha akarudi na amri mpya: asiambiwe mpaka afike, mtu haambiwi msiba akiwa kwenye ndege. Siku nne zaidi. Kufikia hapo nilikuwa nadanganya kama mtu anayefagia uwanja, mkono unakwenda wenyewe. "Baba anasemaje nimemaliza?" "Amefurahi." "Anataka nimletee nini?" "Amesema uje salama." Hakuna hata kimoja kilichonigusa. Nilikuwa nakula vizuri, na nilikuwa nalala.

Alifika Jumanne kwa basi kutoka Mbeya. Baba mdogo alimpokea stendi, akampeleka nyumbani kwake palepale mjini, si kijijini kwetu. Kwetu mtu wa namna hiyo hulishwa kwanza, kwa kuwa akishaambiwa hatakula. Mimi ndiye niliyepika, wali na kuku. Alinikumbatia mpaka akaninyanyua, amenenepa, ananukia sabuni ya kigeni. Akakaa, akala, akatusimulia habari za chai yao ya kwenye vikombe vidogo na jinsi alivyopotea mjini akachelewa darasa. Wazee walikuwa wanaingia mmoja mmoja wanakaa. Yeye akampa kila mmoja shikamoo huku anatafuna. Alikuwa na paja la kuku mkononi alipoanza kuwahesabu kwa macho.

"Mbona mko wengi hivi?" akauliza. Halafu, "Baba yuko wapi?"

Baba mdogo alimwambia. Alisema vizuri, namsifu, hakuzunguka. Presha, siku mbili hospitali, tumemzika. Shangazi akaanza kulia kwa sauti, wengine wakafuata. Mdogo wangu hakulia. Aliweka paja la kuku kwenye sahani.

"Lini?"

"Alhamisi. Si hii iliyopita, ile ya kabla yake."

Nilimwona anarudisha siku nyuma. Alhamisi, Jumamosi, Jumapili ya rozari. Alipofika Jumanne, akanitazama. Wazee kumi pale ndani, walioamua ni wao, akanitazama mimi.

"Sauti yangu aliisikiliza nani?"

"Mimi."

"Na yale majibu?"

"Mimi."

Watu hawakuelewa tunaongea nini. Shangazi akajifuta macho, akasema, "Mwanangu, baba yako alikuwa amekusamehe, usijali."

"Sijakuuliza wewe, shangazi." Kisha kwangu, polepole: "Dada. Hizo siku mbili hospitali. Alinitaja?"

Nilikuwa nimekaa na baba siku zote mbili. Baba mdogo alinikazia macho na kutikisa kichwa kidogo sana, sema ndiyo. Na ningeweza. Nilikuwa nimezoea, lingetoka bila kikwazo na lingemponya. Lakini nilimwangalia yule mtoto niliyemfunga kamba za viatu na nikahisi, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, kitu kikiniuma, hapa kifuani, kweli kabisa. Nikaona nikiongeza neno moja tu juu ya yale, sitamjua tena baba yangu ni yupi.

"Hapana," nikasema. "Aliuliza kama mahindi yameingizwa ndani. Akauliza leo siku gani. Akalala."

Aliisogeza sahani kando. Nje upepo ulikuwa unagongagonga bati la choo.

"Hilo nalo ni la kweli," akasema, "au umeona ndilo linanifaa?"

Nikaapa. Niliapa kwa mama. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu wa ofisini anayekwambia rudi kesho. Hapo ndipo nilipolia. Nililia mpaka akina mama wakanishika huku na huku wakidhani namlilia baba.

Alifaulu mitihani yote. Sasa yuko mwaka wa mwisho na hajanitukana hata siku moja, hajaninunia. Ananiita dada, anapiga kila Jumapili, tunaongea habari za mvua na mbolea. Jumapili iliyopita aliniuliza shangazi anaendeleaje. Nikamwambia mzima kabisa, yuko nje anaanika ulezi.

 Kisha akasema, "Mpe simu."

Nikatoka nje nikampa.