Mpangaji wa Wifi Yangu

Mimi na wanyama wa ndani ya nyumba hatuivi chungu kimoja, naomba tuelewane tangu mwanzo. Paka nitamvumilia kwa sababu ya panya. Lakini kobe? Kobe hakamati panya, habweki usiku, na ukimwita haji. Kwa hiyo wifi yangu aliponionyesha kobe mchanga aliyeachiwa na jirani aliyekuwa anahama, mdogo kama kifuniko cha birika, nilimwuliza kama amekosa kazi ya kufanya.

"Huyu ni mpangaji wangu, wifi," akanijibu huku anacheka. "Utampata wapi mpangaji mwingine anayekuja na nyumba yake mwenyewe?"

Jina likabaki hilo hilo, Mpangaji. Wifi akamweka kwenye beseni pana, na kila asubuhi akawa analisogeza beseni hadi kwenye dirisha la chumbani kwao, anafungua kioo, anakizuia kwa kijiti kisijifunge, jua linaingia. Wanaishi ghorofani, uwanja hawana, na dirisha hilo ndilo pekee linalopata jua la asubuhi. Kijiti kilikuwa lazima, maana bawaba zilikufa zamani. Kila siku wifi alimkumbusha mumewe azitengeneze, na kila siku mumewe alisema kesho.

Na mumewe, msicheke, ni fundi vioo. Ndiye mdogo wangu, tumbo moja. Kinyozi hajinyoi, wahenga walimwona huyu. Duka lake liko chini ya ghorofa hilo hilo, mlango umejaa vumbi la puti, ule udongo wa kubandikia vioo, na vipande vya kioo vilivyosimamishwa ukutani kwa saizi. Anakata kioo kwa kalamu yake yenye ncha ya almasi, mstari mmoja tu, kisha anakigonga kidogo chini na kinaachia pale pale alipotaka. Vidole vyake vimejaa makovu madogo. Ukitembea naye barabarani haangalii watu, anaangalia madirisha yao. Maneno hana. Maneno ya nyumba nzima aliyashika mkewe, naye akaridhika kusikiliza.

Wifi akaugua ghafla. Kabla hatujaelewa vizuri anaumwa nini, tukawa tumemzika. Nilimpenda yule mwanamke, ingawa tulitaniana mpaka watu wakadhani tunagombana.

Mdogo wangu akafunga chumba chao kwa ufunguo, akatandika godoro sebuleni. Mimi nikahamia pale kumwangalia. Kila nikimwekea chakula, anasema, "Nimeshashiba, dada." Ameshiba nini? Hewa? Anachota vijiko viwili ili ninyamaze, basi. Nguo zikaanza kumpwaya. Nilimpigia kelele, nikambembeleza, nikarudi kwenye kelele. Mgonjwa haulizwi uji, sawa, lakini mtu mzima utamfungua kinywa kwa nguvu?

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamwinua asubuhi, Mpangaji. Hospitali, wifi alimwambia, "Mpangaji wangu usimsahau." Basi akamjengea nyumba ya kioo. Jamani, ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kingo zote alizisugua zisikwaruze, chini akamwaga mchanga, akaweka jiwe bapa na taa ya kumpa joto. Akaiweka sebuleni mbele ya dirisha kubwa, ambalo kioo chake alikipachika mwenyewe na hakifunguki. Jua la jioni lilipita kwenye vioo viwili na kumwangukia kobe mgongoni.

"Unaona?" akaniambia. "Mwanga wote unaingia. Ni kama kioo hakipo."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu mazishi. Nikamsifia kobe kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Lakini Mpangaji akaanza kuzorota. Akakataa majani. Macho yakavimba, yakafumba. Akawa haendi popote, kichwa chini mchangani. Asubuhi moja mdogo wangu akamweka kiganjani, akambonyeza mgongoni kidogo kwa kidole, akaniangalia.

"Dada, gamba linabonyea."

Nikajaribu na mimi. Lilikuwa linabonyea kweli.

"Huyu ndiye aliyeniachia," akasema. "Nikimpoteza na huyu, mimi basi tena."

Nilimwogopea mdogo wangu, siyo kobe. Nikashika chombo kilichokuwa karibu, nikatandika kitambaa ndani, nikamtia Mpangaji, nikamwambia twende kwa daktari wa mifugo.

Chombo chenyewe kilikuwa sufuria. Kwenye foleni, katikati ya mbwa na mbuzi, mzee mmoja akachungulia ndani.

"Mama, huyu umemleta kutibiwa au kuungwa?"

Nilimpa jibu lake, sitalirudia hapa.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye mikono ya taratibu. Akampima Mpangaji, akamfungua mdomo, akauliza anakula nini na analala wapi. Mdogo wangu akaieleza ile nyumba, na kwa mara ya kwanza nikamwona amesimama wima.

"Na jua anapata?"

"Jua lote la jioni. Yuko dirishani."

"Dirisha linakuwa wazi?"

"Hapana. Kioo, lakini kisafi kabisa."

Daktari akashusha pumzi. "Fundi, kioo kinapitisha mwanga na joto. Ila kile kitu kwenye jua kinachokomaza gamba na mifupa, kioo kinakizuia nje. Huyu hajapata jua muda mrefu. Tena yeye kioo hakioni, ndiyo maana pua yake imechubuka, anakigonga siku nzima."

Mdogo wangu akaitazama mikono yake. Nikamgeukia daktari kwa ukali, nikamwambia huyu hana kosa, alimjengea kwa upendo. Daktari akasema hata yeye anaona hivyo, na kwamba bado hatujachelewa sana. Aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu kila asubuhi. Majani yanyunyiziwe unga wa chokaa ya mifugo. Akae kwenye sanduku la mbao. Juu ya yote, apate jua la asubuhi, bila kitu chochote katikati.

"Nyumbani kuna dirisha lenye jua hilo?"

Mimi nilijua lipo. Naye alijua.

"Hakuna," akasema.

Nyumbani mdogo wangu akamwogesha Mpangaji kwenye sahani, akimshika kidevu maji yasimfike puani, akamnyunyizia chokaa kwenye majani ambayo hayakuguswa. Kesho yake vivyo hivyo. Siku iliyofuata Mpangaji hakuvuta hata mguu alipoguswa, na mdogo wangu hakuteremka dukani. Hata vile vijiko viwili hakula.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikaenda kusimama kwenye mlango wa kile chumba.

"Mdogo wangu, njoo ufungue."

"Dada, niache."

"Sikuachi. Hiki ni chumba, si kaburi. Kaburi lake tunalijua liko wapi. Ufungue, au kitasa nakivunja na mchi, na unanijua."

Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa ufunguo. Alikuwa anatembea nao muda wote ule.

Ndani kulikuwa na vumbi, na gauni la wifi limening'inia nyuma ya mlango, bado lina harufu yake ya sabuni. Kile kijiti kilikuwa palepale dirishani. Mdogo wangu akakishika, akakaa kitandani, akalia. Nikakaa pembeni yake, nikalia na mimi, sina aibu.

Alipomaliza akateremka dukani, akarudi na kisu cha puti na bisibisi. Sasa, bawaba zile alizoahidi miaka na miaka, hakuzitengeneza. Alizing'oa. Akakitoa kioo na fremu yake yote, akaviegemeza ukutani. Jua likaingia. Akavuta droo ya mbao ya kabati la wifi, akazitoa nguo moja moja, akanipa. "Shika, dada." Ile nyumba ya kioo ikabaki sebuleni tupu, na Mpangaji akahamia kwenye droo, juani.

Majirani walichonga maneno. Nyumba ya fundi vioo ina dirisha halina kioo! Akatengeneza kibao cha kufunika mvua ikija, akaendelea na kazi yake. Usiku alilala kitandani kwake, droo ikiwa karibu. Mimi nikipita na ufagio namwinamia Mpangaji, nasema naye kimya kimya. "Wewe, kodi hujalipa hata siku moja. Usithubutu kufa kwenye nyumba ya watu. Tafadhali, baba. Tafadhali." Ndiyo, nilimbembeleza kobe.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni. Nikasikia, "Dada!" Nikaacha kila kitu, nikakimbia chumbani.

Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya droo. Mpangaji amefungua jicho moja. La pili lilikuwa bado limefumba, lakini hilo moja lilikuwa jeusi, linang'aa, linatutazama kama mtu aliyeamshwa na kelele. Kisha akanyoosha shingo, polepole, akakosa jani, akajaribu tena, akaling'ata. Tukasikia linavyokatika. Chokaa ikambaki mdomoni.

Nilidhani mdogo wangu atalia tena. Akafuta mikono kwenye suruali, akageuka.

"Dada, jikoni kuna nini? Njaa inaniuma."

Nikamwambia viazi, na kwamba vinaungua kwa sababu yake yeye na kobe wake. Nikaenda kuvipakua, machozi yananidondoka. Upande mmoja vilikuwa vyeusi kabisa. Alivila vyote, akaniomba vingine.