Aleyamma Atafuta Meza ya Watu Ishirini na Tisa

Hii hamtaiamini, wala sitawabembeleza. Shemeji yangu Aleyamma yu hai, mwulizeni.

Miaka arobaini na mmoja ameipikia familia chakula cha Krismasi, na hajakaa nao mezani hata mara moja. Kwetu Kuttanad mpishi hula mwisho, amesimama, akikwangua masufuria. Mwaka huu magoti yaligoma. Akatangaza: "Tutakula hotelini, wote meza moja, na mimi nitakaa!"

Wote ni ishirini na tisa, pamoja na mwanawe Kuncheria aliyekuwa Kuwait miaka tisa.

Akauzunguka mji. Hoteli ya kwanza ikamgawia meza saba. Ya pili, nusu chini, nusu ghorofani. "Nipande ngazi kila nikitaka kumwona mjukuu?" akafoka. Ya tatu imejaa watalii.

Akirudi kando ya mfereji, amenyong'onyea, akachungulia kilabu cha tembo la mnazi cha Sukumaran. Ndani, meza moja, ndefu kama mtumbwi wa mashindano.

Balaa! Aleyamma ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Mwaka juzi aliongoza maandamano kilabu hicho kifungwe.

Akavuta shali hadi puani, akaingia. Walevi wakaficha vikombe chini ya meza.

"Mama, umekuja kunifungia?" akauliza Sukumaran.

"Nimekuja kuomba meza. Krismasi mchana, watu ishirini na tisa. Na tembo nisilione!"

"Usilione?" Sukumaran akacheka. "Na hizo apamu zako za Krismasi, hiyo mikate ya mchele, huumuka kwa dua? Miaka thelathini chupa yako inaingia hapa kwa mlango wa nyuma. Bila tembo langu, Mama, ungewalisha kandambili za mchele."

(Mchukuaji wa chupa simtaji. Ni mtu mashuhuri, mzuri wa sura.)

Walevi wakaangua kicheko. Aleyamma akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka shali ikaanguka. "Basi liwe kwenye apamu tu, mwanaharamu we."

Krismasi ikafika. Baada ya misa tukajaza meza, huku na huku. Kwa mazoea Aleyamma akashika upawa. Sukumaran akampokonya. "Hapa mpishi ni mimi. Keti."

Akaketi, Kuncheria kulia, wajukuu kushoto. Ikaja apamu ya moto na mchuzi wa bata. Ya kwanza akaila akifuta machozi, ya pili akicheka, na alipomaliza ya kumi na tisa, kilabu kizima kikasimama, hata kasisi akapanda juu ya—

"Nne, shemeji!" anapaza sauti Aleyamma, kumbe ananisikiliza. "Nilikula nne. Ya tano uliniibia wewe!"