Gari Lililoichukia Bwera

Kwa miaka miwili niliamini gari langu linaichukia Bwera. Nyumbani Kilembe halikunisumbua hata siku moja. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto, niliketi ndani nusu usingizini, tukateremka kimya kama wingu, na kabla ya daraja injini ilikuwa ikinguruma. Nilipita Kasese bila kuizima. Lakini sokoni Bwera, penye tambarare, siku nyingine ufunguo uliitikiwa, siku nyingine ng'o! Nililitukana gari, nikawatukana na mafundi, maana wakija tu, linawaka.

Mwishowe fundi mmoja akaniuliza, "Mama, kule kwako unaliwashaka namna gani?"

"Naliachia mteremkoni, natia gia, linawaka. Kama watu wote wa Kilembe."

Akacheka, akainama, akaigonga stata, ile mota ya kuwashia injini, kwa spana, akaniambia nizungushe ufunguo. Likawaka.

"Stata imechoka kitambo, mama. Inakubali ikitaka."

Niliitazama milima ya Kilembe kwa mbali, ya buluu, imetulia. Miaka miwili milima hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniwashia gari, na mimi kazi yangu kuitukana Bwera.