Wiki Tatu Ifakara kwa Ajili ya Ini la Mama

Tuliondoka Sanje likizo ya Juni, katikati ya miaka ya tisini, kwa sababu ya macho ya mama. Alikuwa ameshatundikiwa dripu mbili za dawa ya saratani ya titi huko Dar es Salaam, na ya tatu ilikuwa karibu. Ndipo macho yakageuka manjano.

Saa mbili asubuhi tulipata basi. Mama alikaa dirishani. Nami, mwalimu niliyezoea kuongea kutwa nzima, nilimsimulia habari za shule njia nzima.

Ifakara tulifika saa tano. Hospitalini walimtoa damu, na alasiri daktari akatuita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Ini lako limezidiwa. Ile dawa ya Dar hupitia kwenye ini. Ini huivunjavunja na kuitoa pamoja na nyongo, ikashuka tumboni, ikatoka chooni. Ini likichoka, dawa hubaki kwenye damu ikakudhuru. Kuna kitu kingine unakunywa?"

Mama alitazama sakafu. "Mizizi. Nachemsha asubuhi na jioni. Nilitaka nipone upesi."

Mimi sikujua. Niliona aibu, tunaishi nyumba moja.

"Acha mizizi, nayo inalichosha ini," daktari alisema kwa upole. "Dripu isubiri. Urudi baada ya wiki tatu."

Wiki hizo tulikaa kwa mama mdogo, mdogo wake mama, jirani na soko. Siku ya kwanza tu alikiondoa kioo ukutani. "Dada, wewe kula. Macho nitakuangalizia mimi."

Walipompima damu tena, siku ya majibu daktari aliisoma karatasi mara mbili, kisha akacheka. "Ini limekaribia kawaida kabisa! Nawaandikia wenzangu wa Dar barua, dripu iendelee."

 Mama aligeuka akaniambia, "Nina njaa. Nataka wali na samaki." Alimaliza sahani nzima, akaomba mchuzi tena.

Njia ya kurudi ilikuwa ileile ya matope, ila sikuyaona. Nilikuwa nikiwaza: miezi yote ile nilimuuliza kama amekula, kama amelala, kama anaumwa. Mizizi aliichemsha kwa hofu, na hofu hiyo sikuwahi kumuuliza. Tulipolipita daraja la Lumemo nikathubutu.

"Mama, uliogopa?"

"Sana," alisema, akifungua dirisha. "Sasa kidogo tu."